Nafaka kwa Kadiri ya Uwezo Wake

Baba na mama walipoachana nilikuwa na miaka minne. Kuanzia mwezi uliofuata mpaka nilipotimiza kumi na minane, kila tarehe mosi asubuhi baba alitua gunia la mahindi mlangoni kwetu. Alibisha hodi mara moja, akajifuta shingo kwa kitambaa, akaondoka. Mama hakufungua mlango hata siku moja kabla nyayo hazijaishia uchochoroni. Zikishaisha alifungua, akaliangalia lile gunia kama mtu anavyomwangalia mgeni asiyealikwa aliyekuja na mizigo yake yote, kisha akaniambia, "Njoo tumkokote baba yako ndani."

Gunia zima la kilo tisini, kwa mtoto mmoja aliyekuwa akishiba kwa nusu bakuli. Ningekuwa farasi ningeshukuru. Chumba chetu kilikuwa kimoja: huku kitanda, huku cherehani ya mama, katikati mahindi. Nilijifunzia hesabu juu yake, nikalala mchana juu yake, na siku moja panya akazalia humo. Majirani walimpenda baba kuliko alivyopendwa nyumbani kwetu, maana mama alikuwa akigawa. Kuuza hakutaka. "Sikuolewa na duka," alisema.

Sasa, ili uelewe kwa nini mama alikuwa na hasira na chakula, inabidi ujue karatasi ya baraza la usuluhishi ilisema nini. Ilisema hivi, nimeisoma mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa: *Mume atatoa nafaka ya kila mwezi kwa mtoto na mama yake, kwa kadiri ya uwezo wake, mpaka mtoto atakapoweza kujitegemea.* Katika lugha ya makaratasi ya namna hiyo, nafaka ni matumizi ya nyumba: chakula, pango, nguo, ada, dawa ya kikohozi, viatu vya shule ambavyo mguu unavikataa kila baada ya miezi sita. Mama alilijua neno hilo tangu utoto. Babu mzaa mama alikuwa karani, na nyumbani kwake maneno yalifundishwa mezani pamoja na adabu ya kushika kijiko.

Baba alikuwa mchukuzi katika ghala. Kusoma hakujua, isipokuwa neno moja tu, ambalo lilipakwa rangi juu ya geti la kazini kwake kwa herufi zilizomzidi urefu: NAFAKA. Siku ya baraza, mwenyekiti aliisoma karatasi ile kwa sauti, akavua miwani, akamwuliza kama ana swali. Baba akasimama.

"Ya aina gani?" akauliza.

Baraza zima likaangua kicheko. Mwenyekiti alicheka mpaka akatafuta leso. Baba naye, alipoona wanacheka, akacheka. Mama peke yake ndiye hakucheka. Aliponisimulia nikiwa mkubwa, sauti yake bado ilikuwa na ncha ya sindano. "Mbele ya watu," alisema. "Nimekaa pale na mtoto mapajani, naachwa, na mnafiki yule anatafuta kicheko."

Maana hicho ndicho kilichowaachanisha, kwa jinsi nilivyoambiwa. Baba hakuwa mlevi wala mkali. Alikuwa mtu wa mzaha. Jambo zito ukimletea, alilipokea kwa mikono miwili na kukurudishia kichekesho. Mama aliishi naye miaka sita akisubiri jibu moja lisilochekesha. Kwa hiyo gunia la kwanza lilipotua mlangoni, hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alitakiwa kutoa nafaka, kaleta nafaka. Mzaha wa kilo tisini.

Ungedhani alirudi barazani kushtaki. Hakurudi. "Kitu siombi mara mbili," alisema, akaongeza saa za cherehani. Pango lilitoka kwenye sindano, viatu vilitoka kwenye sindano. Nami nilikula mahindi, kwa sababu mtoto hawezi kula kiburi cha mama yake. Yeye mwenyewe hakuonja. Miaka kumi na minne yote alikula viazi. Alinipikia uji wangu, akaupoza, akanipa, kisha akakaa na kiazi chake upande wa pili wa gunia.

Mimi nilirithi mdomo wa baba. Shuleni waliniita Binti Gunia, nikawaambia afadhali gunia kuliko mfuko mtupu, na mambo yakaisha. Nilipofika miaka kumi na sita nilikuwa mjuaji wa kila kitu, na siku moja nikapita mbele ya ghala. Baba alikuwa amekaa na wachukuzi wenzake juu ya magunia, weupe wote kwa vumbi, wanakunywa chai.

"Bosi," akaniita. Ndivyo alivyoniita siku zote. "Mzigo wa mwezi huu umeuonaje? Nimeyang'ata mwenyewe. Makavu."

Ningeweza kusema mazuri, baba. Badala yake nikapaza sauti ili wenzake wasikie. "Mama hajawahi kuonja hata punje moja ya mahindi yako. Miaka yote anakula viazi. Wanaokula ni kuku wa jirani."

Wachukuzi walicheka mpaka chai ikamwagika. Baba alicheka wa mwisho. "Basi hao kuku," akasema, "siku wakiniona watanisalimia."

Mwezi uliofuata, gunia lilikuja na mahindi ambayo hayakuwa na punje hata moja iliyovunjika. Zote za ukubwa mmoja, safi, kama zimepitishwa moja moja kati ya vidole. Mtu alikuwa amekaa mahali fulani akachambua kilo tisini kwa mkono. Mama alitia kiganja ndani, akaziacha zimwagike. "Anazidi kunichezea," akasema. Nami nikakubaliana naye.

Sasa nina miaka arobaini na tisa. Kazi yangu ni kusahihisha chapa katika kiwanda kidogo cha vitabu. Nalipwa kwa kuona makosa ya watu wengine. Mama bado anashona. Baba yuko hospitalini, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na mrija wa hewa puani. Daktari alisema ni vumbi la ghala, miaka arobaini ya vumbi. Baba alisema ukimpiga mgongoni utapata unga wa mkate mmoja, ila usipige kwa nguvu, usije ukatoka wa wiki nzima.

Jumatatu ile nilimpelekea maji na taulo. Alikuwa akizungumza kwa vipande, maneno matatu, pumzi, maneno mawili, pumzi.

"Bosi. Nikuulize kitu."

"Uliza, baba."

"Yale mahindi. Yalikuwa na kasoro gani?"

"Mahindi gani?"

"Ya mama yako. Ulisema hajawahi kuonja."

Mimi nilikuwa nimeshasahau. Miaka thelathini na mitatu imepita, nimeolewa, nimefiwa na mume, nimelea, nimefukuzwa kazi mara mbili na kuajiriwa mara tatu. Neno nililolitupa barabarani nikiwa na sare ya shule halikuwa na nafasi kichwani mwangu. Kumbe yeye alilibeba.

"Baba, acha mzaha," nikasema. "Unajua vizuri."

"Najua nini?"

Nikacheka, nikamnyooshea shuka. Yeye hakucheka. Akanishika mkono. "Muulize. Mimi kwenda kwake siwezi tena. Ilikuwa unyevu? Niliyang'ata, lakini meno nayo hudanganya. Au ni ile dawa ya wadudu? Ilikuwa inanuka. Niliwaambia inanuka. Nataka kujua tu, Bosi. Nisiondoke sijui."

Nje, kwenye korido, daktari alinishauri tuhesabu siku, tusihesabu wiki.

Kesho yake nilikwenda kazini, kwa sababu kukaa nyumbani nikimfikiria kusingemwongezea pumzi. Tulikuwa na kamusi mezani, toleo jipya, tumefika herufi N. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Mmoja anasoma muswada kwa sauti, alama zake zote zikiwemo. Mwingine anafuata kwenye karatasi ya majaribio na kalamu nyekundu. Anayenisomea ni mhariri wetu, mzee mwenye shahada nyingi na koti moja, tunayemwita Mkato kwa sababu hawezi kuona sentensi imenyooka bila kuitia kituo. Hata akiagiza chai huwa anapumzika katikati.

"Nafaka," akasoma. "Nomino. Moja. Mbegu za mimea jamii ya nyasi zitumiwazo kwa chakula, mkato, kama vile mahindi, mkato, mtama, mkato, ngano, mkato, mpunga. Nukta. Mbili. Mabano, sheria, mkato, nadra, funga mabano…"

"Nadra?" nikasema.

"Nadra. Funga mabano. Matumizi ya lazima apewayo mke au mtoto. Nukta."

"Ngoja, mzee. Nani kasema ni nadra?"

"Mimi."

"Kwetu haikuwa nadra. Kwetu ilikuwa kila mwezi."

Alinitazama juu ya miwani. Alidhani namtania, na siku nyingine ningekuwa namtania kweli. "Dada yangu," akasema, "lugha hii nimeila na kuilala. Maana hiyo ya pili nilikutana nayo nikiwa na mvi tayari, natafuta asili ya neno. Kabla ya hapo nafaka kwangu ilikuwa kitu cha kwenye gunia. Kama ilivyo kwa kila mtu."

"Kila mtu?"

"Toka nje uulize."

Nikatoka. Sikuamini, lakini nikatoka. Mlinzi getini nilimwuliza nafaka ni nini. Akasema mahindi, mtama, vitu kama hivyo, kwani nina shamba? Fundi wa mitambo akasema mchele, kisha akasema hapana, mpunga, mchele ni ukishakobolewa. Mama wa chai, mwanamke aliyeachika mara mbili na kwenda mabarazani mara zote mbili, akasema, "Nafaka? Uji wa lishe." Nikamwuliza kama karatasi zake zilikuwa na neno hilo. Akasema za kwake ziliandikwa matunzo, na matunzo yenyewe hakuyaona.

Nilirudi, nikakaa. Mkato akadhani bado nabishana naye, akaanza kunifundisha, maana ukimpa nafasi ya mkato anaigeuza aya. Neno ni la Kiarabu, akasema. Lilikuja likiwa na maana ya matumizi, kile mtu anachokitoa kuendesha nyumba yake. Nyumba ya mtu wa zamani iliendeshwa kwa chakula, na chakula kinachokaa bila kuoza ni punje. Kwa hiyo, yeye akadhani, neno liliteremka taratibu, kutoka kwenye wajibu wa mtu hadi kwenye punje zenyewe, likakaa huko na kusahau lilikotoka. Ile maana ya mwanzo ilibaki kwenye makaratasi ya wenye makaratasi.

"Na utashangaa," akasema, "ukoo wake mmoja na mnafiki. Shina ni lile lile. Wanasema huyu wa pili katokana na panya wa jangwani, shimo lake lina milango miwili. Unamngoja hapa, katokea kule."

Sikushangaa. Nilikuwa nimekaa na kalamu nyekundu mkononi, nikimwona kijana wa miaka ishirini na tisa akisimama mbele ya baraza, kasomewa karatasi ndefu, na ndani yake lipo neno moja tu analolijua. Neno la getini kwake. Anafurahi kulikuta humo. Anauliza swali la mtu wa kazi.

Saa kumi jioni, saa za kuona wagonjwa, nilikuwa kitandani kwake.

"Baba, nafaka ni nini?"

"Unaniuliza mimi?" Akavuta hewa. "Mahindi. Mtama. Ngano. Ulezi. Mpunga. Maharage siyo. Watu hukosea hapo."

"Siku ya baraza. Ulipouliza ya aina gani."

"Walicheka."

"Ulikuwa unatania?"

Akageuza kichwa dirishani. "Ghala lilikuwa na aina sita," akasema. "Nilitaka kujua mama yako anataka ipi. Hakuna aliyenijibu. Nikachagua mahindi, hukaa muda mrefu. Nikamwambia msimamizi, sehemu ya ujira wangu anipe kwa gunia, huko huko."

"Na ulipoona wanacheka, mbona na wewe ulicheka?"

"Sasa ningefanyaje, Bosi? Watu wote wameelewa kitu. Mimi peke yangu sikuelewa." Pumzi. "Ukicheka, haionekani."

Nilikuwa na maana ya pili ya neno lile kwenye ncha ya ulimi. Ningeweza kumwambia: baba, hawakutaka mahindi. Walitaka viatu vyangu, pango, dawa yangu ya kikohozi. Mama alishona mpaka macho yakafa, na wewe ukibeba, mkipishana mlangoni kila tarehe mosi. Katika maisha yangu sijawahi kuwa na neno mdomoni nikaacha kulisema. Hilo nililimeza. Lilikuwa kubwa na halikuteremka vizuri.

Mama nilimkuta anafupisha suruali ya mteja. Ana miaka sitini na tisa, anashona kwa kugusa zaidi kuliko kwa kuona, na kanyagio la cherehani yake lina alama ya unyayo wake.

"Baba hakujua," nikamwambia.

"Hakujua nini?"

"Nafaka. Hakujua kuwa ni matumizi. Alidhani ni nafaka."

Aliendelea kukanyaga. "Nani kakuambia?"

"Nimemwuliza."

"Akakujibu, ukamwamini. Nimeishi na mwanaume yule chumba kimoja. Mnafiki yule alikuwa anajua jina la kila kitu na la utani juu."

"Wewe ulilijua neno kwa sababu babu alikuwa karani. Mzee Mkato ana shahada, hakulijua mpaka uzeeni. Leo nimeuliza watu watatu, hata mmoja hakulijua. Mama, yeye hakujua kusoma."

"Alisomewa. Kwa sauti. Akauliza upuuzi mbele ya watu."

"Aliuliza kwa sababu ghala lilikuwa na aina sita. Alitaka kujua unataka ipi."

Cherehani ikasimama. Mama alishika uzi, akauelekeza kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Akajaribu tena. Nikamchukulia uzi nikamtungia, naye kwa kawaida hataki kutungiwa.

"Aina sita," akasema.

"Ndiyo."

"Na ile ya kuchambuliwa? Isiyokuwa na vipande?"

"Nilikuwa nimemwambia huli. Alidhani hayakukupendeza."

Aliinamisha kichwa juu ya suruali ya mtu kwa muda mrefu. Nilidhani analia, alikuwa anatafuta mwanzo wa pindo kwa kidole.

"Umemwambia maana yake?"

"Hapana."

"Usimwambie."

"Anataka jibu, mama. Anataka kujua kwa nini hukula. Daktari anasema siku."

"Nimesikia. Nitamjibu mwenyewe." Akaanza kukanyaga. "Mwenye suruali anakuja kesho saa nne. Saa sita, saa za wageni za mchana, twende."

Usiku huo nilikuwa na hofu kwamba baba hatafika saa sita. Alifika. Muuguzi alikuwa amemwegemeza kwenye mito miwili, na nilipomwambia mgeni aliyekuja ni nani, alipeleka mkono kichwani kulaza nywele ambazo hazikuwepo.

"Karibu," akamwambia mama. "Kiti kizuri hakuna."

"Nimezoea kibaya," mama akasema, akakaa.

Walikuwa wameonana kwa mbali katika miaka hiyo yote, mitaani, msibani, harusini kwangu kila mmoja upande wake. Kuongea hawakuwa wameongea tangu siku ya baraza. Nilisimama miguuni pa kitanda.

"Nasikia una swali," mama akasema.

"Lina siku nyingi kidogo."

"Ilikuwa tumbo," mama akasema. "Tumbo langu halikupatana na mahindi. Daktari alinikataza. Mahindi yako yalikuwa mazuri. Hayakuwa na kasoro."

Nilimtazama. Mwanamke huyu hajawahi kumdanganya mteja hata juu ya siku ya kuchukua nguo. Jibu hilo alikuwa amelitunga njiani, akalisema kwa uso mkavu, mikono yote miwili juu ya mkoba.

Nilisubiri baba afurahi. Tulikuwa tumekuja kwa ajili ya hilo. Lakini uso wake ulibadilika vingine, midomo ikaanza kutafuta neno.

"Ungeniambia," akasema. "Ningeleta mtama." Pumzi. "Mchele ulikuwepo. Ukiingia, mkono wa kulia. Ningekuletea mchele." Pumzi. "Miaka kumi na minne. Nakuletea kinachokuumiza."

"Hukujua."

"Ghala zima lilikuwepo."

Akakohoa, na machozi yakatoka pamoja na kikohozi, hujui ni yapi ya nini. Mama aliinua mkono, ukakaa hewani juu ya shuka bila kujua pa kutua. Alikuwa amemletea dawa ikawa sumu, na nyingine hakuwa ameandaa.

"Mtoto alikula," akasema ghafla.

"Nini?"

"Mtoto. Mwangalie alivyo." Baba akageuza macho kwangu, nami nikasimama wima kama niko kwenye mizani. "Asubuhi uji, mchana, jioni. Hakulala na njaa hata siku moja. Yule jirani wa chumba cha pili alilea mapacha wake kwa gunia lako. Wamekuwa wanaume, mmoja ni dereva. Hakuna punje iliyotupwa."

Baba alifikiri. "Na kuku?" akauliza.

"Kuku gani?"

Akanitazama mimi. Mama naye akanitazama.

"Nilidanganya, baba," nikasema. "Hakukuwa na kuku."

Aliniangalia, akamwangalia mama. Kisha kifua chake kikaanza kutikisika, na nilipokaribia kumwita muuguzi nikaona anacheka. "Nilikuwa nawafikiria sana," akasema. "Wale kuku."

Mama alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka mzaha wa baba. Sauti yenyewe haikuwa nzuri, ilikwaruza. Mkono wake ukatua kwenye shuka, karibu na wake, haukumgusa. Tulikaa hivyo mpaka kengele ya wageni ikalia. Tulipokuwa tunatoka baba alikuwa amefumba macho, na kipaji chake cha uso kimekunjamana kama mtu anayepiga hesabu.

Kituoni, tukisubiri gari, mama aliniuliza, "Nilikosea kusema tumbo?"

"Sijui, mama."

"Kweli ingekuwa mbaya zaidi."

"Sijui."

"Wewe huna neno leo?"

Gari likafika, nikamshika mkono apande.

Alifariki asubuhi iliyofuata, kabla ya saa za wageni. Nilikwenda peke yangu kuchukua vitu vyake: kandambili, taulo, kikombe. Muuguzi aliyekuwa zamu alinipa na kunisindikiza mpaka mlangoni. Akasema hakuteseka sana mwishoni, ila alfajiri alikuwa akimwomba jambo, tena na tena, mpaka akamwahidi. Alitaka mtu aende ghalani kumwambia msimamizi kwamba kuanzia mwezi huu abadilishe, iwe mchele. Msimamizi huyo alikufa nikiwa bado shuleni.

Nilifika nyumbani kwa mama na vile vitu mkononi, naye akaviona, akajua. Alizima redio. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, mgongo umenyooka.

"Alisema lolote?"

Nilikuwa na jibu zima, neno kwa neno, kama nilivyolipokea.

"Hapana, mama," nikasema. "Alilala tu."

Akatikisa kichwa kukubali. Baada ya muda akanyoosha mkono, nikampa kile kikombe, akakishika.